Karo ya Wenyeji

Marisol Archuleta alipofika kwenye nyumba aliyopanga chumba, sanduku la vyombo mikononi, alimkuta jikoni mwanamume wa miaka hamsini na ushei amelala chali chini ya sinki, miguu nje, kitambi kikipanda na kushuka.

"Afadhali umekuja, fundi," akasema. "Na bomba la bafuni nalo linavuja tangu nilipokuja kukiona chumba, usilisahau."

Mwanamume akajivuta nje, akaketi sakafuni na kujipangusa mikono kwenye suruali. "Mimi si fundi. Mimi ni Verlin."

Marisol akatua sanduku. Tangazo la chumba lilisema wapangaji watakuwa watatu: Laney, Verlin na yeye. Tangu alisome alikuwa amekwisha kumtengeneza Verlin kichwani mwake, kijana mrefu, mpiga gitaa, mwenye ndevu changa. Alimtazama huyu wa sakafuni kwa kitambo, kama anayelitafuta gitaa.

"Verlin mpangaji?"

"Wa chumba cha chini. Baba yake Laney."

"Utaishi hapa? Na sisi?"

"Mwaka mmoja tu," alisema Verlin, kisha akakumbuka kwamba hayo ndiyo maneno aliyojikataza kuyatamka mbele ya kiumbe yeyote wa jimbo la Colorado. "Yaani, siku zote. Nimehamia. Mimi ni mkazi wa kudumu."

"Mkazi wa kudumu wa chumba cha chini," alisema Marisol. "Haya, mzee, karibu kwetu. Lakini bomba la bafuni bado linavuja."

Verlin alilishughulikia alasiri nzima. Lilipoanza kumwaga badala ya kuvuja, wakamwita fundi.

Wazo la kuhamia Colorado lilikuwa la Verlin mwenyewe, na hakukuwa na mtu wa kumsukumia lawama, ingawa baadaye alijaribu. Laney, mtoto wa pekee wa Verlin na mkewe Noreen, alikuwa amekubaliwa kusomea elimu ya miamba katika chuo kikuu cha serikali pale Larkin, mji ulioegemea milima ya Colorado. Chuo kilikuwa na karo mbili. Mwenyeji wa jimbo alilipa karo ya wenyeji. Aliyetoka jimbo jingine alilipa karo ya wageni, na hiyo ilikuwa mara tatu yake na chenji juu. Akina Hruska walikuwa watu wa Vesely, Nebraska, mwendo wa kutwa kwa gari. Sheria ilisema mwanafunzi ambaye bado kijana huhesabiwa kuwa wa kule waliko wazazi wake. Mzazi mmoja alitosha, mradi awe amekaa Colorado mwaka mzima na awe na nia ya kubaki.

Wengine walipoisoma sheria ile waliona ukuta. Verlin aliona mlango. Muda wa kuutafuta alikuwa nao tele, kwa maana duka la fanicha alilokuwa naibu meneja lilikuwa limefungwa mwishoni mwa baridi, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kumfuata mkewe chumba hadi chumba akimweleza namna bora ya kufanya mambo aliyokuwa akiyafanya vizuri tangu walipooana.

"Nitahamia mimi," alisema siku moja mezani. "Wewe una kazi yako pale kliniki ya meno, na nyumba haiwezi kuachwa tupu. Mimi nitapanga nyumba kule na Laney, nipate kazi, nibadilishe leseni, nipige kura kule kule. Mwaka ukiisha, mimi mwenyeji, Laney mwenyeji, karo imeshuka. Halafu narudi taratibu bila kelele. Najua utasema ni mbali, najua utasema upweke, lakini mama Laney, ukitazama kwa makini..."

"Nenda," alisema Noreen.

Verlin alikuwa bado na hoja nne mkononi. "Hutaki kufikiria kwanza?"

"Nimefikiria. Nenda."

Alijiona mshindi kwa muda wa kumaliza kahawa. Baada ya hapo neno lile likaanza kumsumbua kama kokoto kiatuni. Mke gani anakubali kabla mume hajamaliza kuomba?

Aliyepinga ni Laney. Yeye alitaka bweni. Chuo kiliwalaza bwenini wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, isipokuwa yule anayeishi na mzazi, na katika mipango yake yote ya maisha hakuwahi kujiona ni yule.

"Baba, bwenini ndiko watu wanakojuana. Nikikaa na wewe nitamjua nani?"

"Utanijua mimi."

"Wewe nakujua tayari."

"Bweni ni anwani ya mpita njia, mwanangu. Likizo ikifika anafungasha, huyoo kwao. Sisi tunataka watuone ni watu tuliotia mizizi."

"Mizizi ya mwaka mmoja?"

"Hata mchicha una mizizi," alisema Verlin, na kwa kuwa msemo ule ulimfurahisha, akadhani mjadala umekwisha.

Kazi aliipata kwenye duka la kukodisha vifaa vya kutelezea thelujini. Kwa miaka mingi alikuwa ameuza makochi kwa watu walioketi, yeye akiwa wima. Sasa wao waliketi na yeye akapiga magoti mbele yao, akiwabana miguu ndani ya viatu vigumu kama ndoo. Bosi wake, kijana aliyeitwa Tanner, angeweza kuwa mwanawe, na alimwita "mkuu" kwa sauti isiyoacha shaka nani alikuwa mkuu.

Verlin mwenyewe hakuwahi kuteleza kwenye theluji, ila kwa bahati mbaya, akitoka kanisani. Lakini mtu aliyeuza fanicha maisha yake yote hawezi kusema "sijui" mbele ya mteja. Mgeni mmoja kutoka Texas alipomwuliza njia ipi inawafaa wanaoanza, alimwelekeza kwa ufasaha mkubwa, hata akamchorea. Jioni yule mgeni akarudi akichechemea, akaomba aonyeshwe yule mtaalamu. Tanner akamwambia mtaalamu ameshatoka. Mtaalamu alikuwa stoo, amejibanza nyuma ya helmeti.

Nje ya kazi alijitengeneza mwenyeji. Alibadilisha leseni ya udereva na namba za gari. Alijiandikisha kupiga kura, akachukua kadi ya maktaba, na kwa sababu mtu fulani alimwambia inasaidia, akalipia kibali cha kuvua samaki. Samaki hakuwapenda, si majini wala sahanini.

"Mzee," alisema Marisol siku alipovikuta vyote vimepangwa juu ya meza ya jikoni kama bidhaa za mnadani, "babu wa babu yangu alizaliwa bonde la kusini kabla hapa hapajaitwa Colorado. Na mimi sina hata kimoja kati ya hivi."

"Ndiyo maana wewe hakuna anayekuuliza," alisema Verlin. "Anayetiliwa shaka ndiye anayetembea na ushahidi."

Marisol alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. "Hilo umelisema kweli," akasema, akampisha kwenye birika.

Kila Jumapili baada ya ibada Verlin alimpigia Noreen. Mwanzoni walizungumza mpaka simu ikapata moto. Kuelekea baridi mazungumzo yakafupika, na aliyefupisha si yeye. Noreen alikuwa na mambo. Alikuwa amejiunga na wanawake wa kucheza karata Alhamisi. Alikuwa amekata ule mti wa uani uliobishaniwa miaka kumi. Alikuwa anapaka jikoni rangi.

"Rangi gani?"

"Njano."

"Njano ya jikoni inataka kutanguliziwa nyeupe, la sivyo—"

"Nimeshamaliza, Verlin."

"Nani alikushikia ngazi?"

"Ngazi ilisimama yenyewe."

Krismasi alirudi Vesely kwa siku mbili tu, maana mtu mwenye nia ya kubaki Colorado hawezi kuonekana anashinda Nebraska. Akiwa ndani ya nyumba aliyoilipia mkopo kwa mikono yake, alijikuta akiuliza taulo ziko wapi. Noreen akamwonyesha kwa upole, kama anavyoonyeshwa mgeni, na upole ule ukamuuma kuliko matusi. Alitaka kumwuliza jambo. Badala yake alimwuliza kama amebadilisha mafuta ya gari. Alikuwa amebadilisha.

Masika, Laney alimleta nyumbani kijana wa darasani kwao, mpole, mwenye miwani, wakaketi sebuleni na kisanduku cha mawe ya kufanyia mazoezi. Verlin aliwasikia kutoka chini. Alijiambia asipande. Akapanda. Alipanda na sinia la mikate ya nyama, akaketi kwenye kiti kilichobaki, na katika muda wa nusu saa akamweleza kijana yule tofauti ya ngozi halisi na ngozi ya kuigiza, jinsi ya kutambua kochi lililoundwa kwa mbao mbichi, na kwa nini mtu asinunue kitanda siku ya mvua. Kijana alikula mkate, akashukuru, akakumbuka ana shughuli.

Mlango ulipofungwa Laney hakupaza sauti. Aliyafunika mawe yake moja moja.

"Unajua wenzangu wakitaka kuja huku wanaulizana nini? Wanaulizana, 'Baba yake yupo?' Yupo! Siku zote yupo! Ni mkazi wa kudumu!"

"Ni kwa ajili yako, Laney."

"Najua ni kwa ajili yangu. Ndiyo maana siwezi hata kukasirika vizuri."

Verlin alikusanya sahani. Akashuka kwake chini. Juu ya kichwa chake alisikia miguu ya binti yake ikienda na kurudi, peke yake, jioni ya Jumamosi ambayo mji mzima ulikuwa kwenye sherehe.

Mwezi wa saba Verlin aliitwa ofisi ya chuo kuhojiwa juu ya maombi yake ya karo ya wenyeji. Alijiandaa kama bwana harusi. Alinyoa, akapiga pasi shati, akaweka vithibitisho vyake kwenye bahasha, na kwa sababu asubuhi ile kulikuwa na kibaridi cha milimani, akatwaa koti lililokuwa karibu na mlango.

Bi Thorsgaard, afisa wa kumhoji, mwanamke mtaratibu mwenye mvi zilizokatwa fupi, alipitia vithibitisho kimoja baada ya kingine. Alipofika kwenye kibali cha uvuvi akainua macho.

"Unavua nini, Bwana Hruska?"

"Samaki," alisema Verlin.

"Nimeona." Akaendelea. Kisha akamtazama kifuani. "Koti zuri."

Verlin akainamisha kichwa. Lilikuwa jekundu, jekundu la kupiga mayowe, na juu ya moyo wake ilikuwa imedariziwa herufi kubwa ya timu ya Nebraska.

"Ni zawadi," akasema.

"Mke wako yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Nyumba— Nebraska. Kule. Kwenye ile nyumba."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Bi Thorsgaard hakucheka wala hakukunja uso, akaandika tu neno moja, na ilionekana wazi ni neno lipi. Jibu lilikuja kabla wiki haijaisha: maombi yamekataliwa, kwa kuwa makazi halisi ya familia ni Nebraska. Nafasi ya rufaa ipo, mbele ya kamati ya watu watatu, na kamati ingependa kumsikia mke kwa simu.

"Koti!" alisema Laney. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, kichwa mikononi. "Baba, katika makoti yote ya dunia!"

"Sina makoti yote ya dunia. Nina moja."

Hapo Laney alicheka, kicheko kilichogeuka njiani kikawa kitu kingine. Muhula ulikuwa karibu kuanza. Mwaka wa kwanza walikuwa wameulipa kwa akiba yote, kwa matumaini kwamba ni huo mmoja tu wa karo ya wageni. Wa pili haukuwepo mahali popote, si benki wala chini ya godoro.

Verlin alimpigia Noreen nje, kwenye kibaraza.

"Watakuuliza swali moja tu," alisema. "Kama una mpango wa kunifuata. Sema ndiyo. Huna haja ya kueleza. Ndiyo, basi, unakata simu."

"Mpango sina."

"Najua huna. Lakini nia ni kitu cha moyoni, nani ataingia humo kupima? Mtu anaweza kuwa na nia kidogo. Ya kutazamia."

"Verlin, mimi Mkatoliki."

"Hata mimi! Sikwambii uape. Nakwambia useme ndiyo."

Verlin alisikia redio ya jikoni kwao, ikitangaza bei za mahindi.

"Na wewe?" aliuliza Noreen. "Wewe umewaambia unabaki?"

"Nimewaambia hivyo mwaka mzima."

"Na ni kweli?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake yeye, lile la Krismasi, kama bado anatakiwa nyumbani, limegeuzwa uso. Angeweza kumjibu. Angeweza kusema: hapa namwaga jasho miguuni mwa watu wa Texas, nakula tambi za pakiti, na kila Jumapili nahesabu dakika unazonipa. Lakini alikuwa ameshazoea kuogopa kwamba upande wa pili hakuna anayengoja kusikia hayo.

"Ni mambo ya karatasi tu, mama Laney," akasema.

"Haya," alisema Noreen, na sauti yake ikawa ndogo. "Nimekusikia."

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na dirisha linaloitazama milima. Mwenyekiti alikuwa profesa mzee mwenye tai iliyofungwa upande. Laney aliketi kando ya baba yake, amevaa gauni la kanisani. Verlin, safari hii, alikuwa na shati tupu. Mfukoni alikuwa na hotuba aliyoiandika mara tano, juu ya hewa safi na juu ya mtu kupata kwao mahali ambapo hakuzaliwa. Marisol alikuwa ameisoma, akasema hata yeye, mzaliwa, nusura ahamie Colorado.

Bi Thorsgaard alieleza kesi kwa haki, bila kuongeza chumvi. Kisha simu ikawekwa katikati ya meza.

"Bi Hruska, unatusikia?"

"Nawasikia."

"Tuna swali moja. Je, unakusudia kuhamia Colorado kuungana na mume wako?"

Verlin akaikodolea simu macho kama mtu anavyokodolea sufuria ya maziwa inayotaka kufurika.

"Niliambiwa niseme ndiyo," alisema Noreen.

Laney akafunika uso.

"Tungependa jibu lako mwenyewe, mama," alisema mwenyekiti.

"Hilo ndilo ninalotaka kutoa. Laney, mwanangu, unisamehe, najua upo hapo. Jibu langu ni hapana. Sihamii. Na yeye hahamii. Anadhani anaweza, kwa sababu mtu huyu akiamua jambo hujidanganya mwenyewe kwanza, ndipo awafikie wengine. Lakini mama yake kazikwa hapa, na viatu vyake vya bustani viko mlangoni, sijavigusa. Nimelala upande wangu wa kitanda mwaka mzima kama vile ule mwingine umepangishwa. Nimechoka. Namtaka mume wangu arudi nyumbani. Sasa nyie andikeni mnavyoona."

Mjumbe mmoja wa kamati, mwanamke kijana, alikuwa anatazama milima kwa bidii.

"Bwana Hruska," alisema mwenyekiti, "una la kuongeza?"

Verlin alisimama. Aligusa mfuko wenye hotuba. Macho yalikuwa yanamwasha, na mdomo wake ulikuwa unafanya jambo ambalo hakuliruhusu.

"Hapana," alisema. "Amemaliza yeye."

Kwenye korido Laney alimgeukia. "Tumeshindwa, baba."

"Ndiyo."

"Mbona unacheka?"

"Sicheki."

"Unacheka! Mwaka mzima nimeishi na wewe, nimekosa kila kitu, mama katuzamisha kwa pumzi moja, na wewe unachekelea kama umeposwa!"

Machozi yalimtoka, ya kweli, ya mtoto aliyekuwa na kitu mkononi kikaanguka. Verlin alimshika bega, akategemea atalitoa. Hakulitoa. Wanafunzi wawili walipita, wakawaangalia, mmoja akapunga mkono kwa uoga.

"Nimekuharibia, Laney," alisema. "Nilitafuta njia ya mkato, nikakupitisha kwenye matope. Si mama yako. Ni mimi."

Laney akajifuta kwa kiganja. "Kuna jambo sijakwambia," akasema. "Mwezi wa pili niliomba kazi ya usimamizi wa bweni. Msimamizi anapewa chumba bure na chakula bure. Walinikubali."

"Mwezi wa pili? Mbona ulikaa kimya?"

"Ungeniambia nini? Anwani ya mpita njia. Na wewe ulikuwa umeshapiga magoti kwa watu majira mazima ya baridi kwa ajili ya mpango wako. Ningekuambiaje?" Akavuta pumzi. "Haitoshi yote. Kilichobaki nitakopa. Si kidogo, baba. Nitalipa mpaka nipate mvi."

"Tutalipa. Mvi mimi ninazo tayari."

Verlin alianza kupiga hesabu kichwani: kodi ya mwaka mzima ya nyumba ile, na bweni lingegharimu nini, na binti yake angekuwa na marafiki wangapi. Akaona hesabu ile inakoelekea, akaiacha njiani. Wazee walisema ujanja mwingi mbele kiza. Yeye alikuwa ameingia kwenye kiza kile na bahasha kwapani, na kuwaita wengine wamfuate.

"Yule kijana mwenye miwani," alisema wakiteremka ngazi, "bado yupo?"

"Baba."

"Nauliza tu."

"Yupo. Anaogopa makochi."

Siku ya kuondoka Marisol alimsaidia kupakia. Vitu vilikuwa vichache, mtu angedhani anatoka gerezani. Alimpa mfuko wa pilipili za kijani kutoka kwao kusini, zimechomwa asubuhi ile, bado zina harufu ya moshi.

"Mzee, nasikia jimbo letu limekukataa."

"Limenitupa nje kabisa."

"Basi umekuwa wa kwetu. Anayetupwa na ofisi ndiye mwenyeji." Akamkumbatia kwa nguvu. "Laney nitamtazama. Bweni lake na darasa langu ni njia moja."

Laney alisimama kando ya dirisha la gari. Alikuwa na mkufu wa funguo za bweni shingoni, na tayari alikuwa na ile sura ya mtu mwenye watu wa kuwasimamia.

"Mama nimemsamehe," alisema. "Mwambie. Au usimwambie, nitampigia mwenyewe. Wewe nenda, baba. Endesha polepole."

Alikwenda. Milima ikabaki kwenye kioo cha nyuma kwa muda mrefu, kisha ikazama, na mbele yake ikabaki ardhi tambarare na anga tupu, na mahindi yaliyosimama pande zote mbili kama watu waliojipanga kumpokea kiongozi. Verlin aliwapungia mkono, kwa sababu alikuwa peke yake na hakuna aliyemwona.

Alifika Vesely jua lingali juu. Noreen alikuwa ameketi kwenye ngazi za mbele na sare yake ya kliniki, hajaibadilisha. Hakuinuka. Verlin alizima gari, akatembea hadi kwake, mfuko wa pilipili mkononi, akasimama pale chini kama mtu wa kuuza kitu mlango kwa mlango.

"Umekonda," alisema Noreen.

"Tambi."

"Kaa."

Akakaa. Kati yao palibaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Jirani alipita na mbwa, akawasalimu, wakamjibu. Verlin alikuwa na maneno ya mwendo wa kutwa. Alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu mpakani, na sasa yote yalimkimbia isipokuwa lile alilolificha tangu siku ya meza.

"Siku ile uliponiambia nenda," alisema, akitazama viatu vyake, "nilidhani umenichoka."

"Nilikuwa nimekuchoka," alisema Noreen. "Sana. Nikapumzika." Akautwaa ule mfuko mkononi mwake, akaunusa, akauweka upande wake wa pili, kisha akasogea mpaka nafasi ile ikaisha. "Sasa nimeshapumzika, baba Laney. Twende ndani."